Mafuta Yamekaa Wapi

Binti yangu alikataa kuvaa bukta ya michezo. Ndio kwanza alikuwa ameingia kidato cha kwanza, shule iko hapo hapo Mpemba, nje kidogo ya Tunduma, tunapokaa, na kila Jumatano wanafunzi hutoka kwenda uwanjani. Akasema tumbo linauma. Jumatano iliyofuata likauma tena. Mama mwingine angesema mtoto amekuwa mvivu. Mimi nilimwangalia anavyovuta soksi mpaka zinafika magotini, nikaweka chini sketi niliyokuwa nashona, nikaenda uani, nikarudi, nikaenda tena. Uvutaji ule wa soksi naujua. Nilivuta hivyo hivyo umri ule ule, na sikuwa na baridi.

Nieleze kwanza huu mwili, maana ndio habari yenyewe. Ukinikuta nimekaa nyuma ya cherehani, kitambaa kimefunika miguu, utasema mambo ya mama huyu ni safi. Uso wa mviringo, kidevu kimepata mwenzake, shingo imejaa kama ya mke wa mwenye mabasi. Nikisimama ndipo kesi inapoanza. Mikono imekauka, mishipa imetokeza juu ya ngozi, misuli imejipanga kama ya kuli aliyeshusha saruji tangu asubuhi. Mapaja ni hivyo hivyo. Vigimbi ni vya beki wa timu ya kijiji. Ni kama mafundi wawili walinigawana, mmoja akaanzia juu, mwingine chini, na hawakuwa wakisalimiana.

Na kitu kizito kuliko jora la kitambaa sijawahi kubeba. Mimi ni mtu wa ndani. Tunduma mji mzima unakwenda mahali: malori yanapanga foleni kuelekea Kongo, watu wanavuka Zambia kunywa soda na kurudi, vijana wanabadilisha fedha huku wanatembea. Mimi nimekaa miaka yote hii jirani na nchi ya watu na sijui rangi ya milango yao. Kazi yangu ni sare za shule, na wateja wananifuata. Mama mmoja wa upande wa pili, ambaye husalimia "Mulishani, bamayo," alinishika mkono siku moja nikimpimia kitambaa, akauachia haraka, akaniuliza kama mume wangu ananilimisha.

Mume wangu ni Msingida, anauza mafuta ya alizeti. Madumu yake yanafika Lubumbashi. "Mimi ndiye mfanyabiashara pekee hapa mpakani," huwaambia wenzake nikisikia, "nauza mafuta nchi mbili, nyumbani kwangu ukame."

Basi nilijishonea. Nilichukua sponji ya sofa lililochakaa, nikaikata kwa umbo la kigimbi na la paja, nikaishonea ndani ya taiti mbili, juu yake taiti nyingine, juu yake sketi ndefu. Joto la mchana nilikuwa nalihisi peke yangu. Mji wa mpakani una jibu lake tayari kwa mwanamke aliyekonda mikono na kutoka mishipa, na jibu hilo husemwa kwa sauti ya chini sokoni. Nilipimwa, nikapimwa tena, majibu yakawa safi kila mara, na kila mara mpimaji alirudia kusoma jina langu kuona kama hajachanganya.

Kwetu ni milimani, Ileje, kutoka Itumba unatembea kidogo. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na mikono hii hii, na hakuna aliyemwonea huruma. Walimsifu: mkulima hodari huyo, tazama mkono. Babu naye alisifiwa. Mimi nilipovunja ungo na mafuta ya miguu yakaanza kuniaga, hakuna aliyesema nimerithi sifa. Walisema nimerogwa, au nina minyoo, nikanyweshwa dawa za vyote viwili.

Nisingesumbuka kutafuta zaidi kama si maumivu. Mwaka mmoja kabla ya habari za bukta nilishikwa na maumivu juu ya kitovu, yakapenya mpaka mgongoni, nikatambaa kama mtoto. Hospitali walitoa damu, ikatulia kwenye kichupa, na juu yake pakajitenga utando mweupe. Nesi akakiinua kichupa kwenye mwanga.

"Mama, umekunywa maziwa?"

"Sijanywa."

"Basi yameingiaje humu?"

Wakasema ni kongosho. Wakasema pia nina sukari, tena ya muda mrefu, na nile mboga, na niache kujificha kula keki. Keki! Mimi, ambaye keki ya mwisho niliila kwenye harusi yangu, tena kwa kulishwa mbele ya watu. Dawa zikaongezwa, sukari haikushuka, nikaangaliwa kwa jicho lile la kusema mgonjwa huyu ni mwongo.

Ndipo akaja daktari wa sukari kutoka Mbeya kuendesha kliniki, mama wa makamo mwenye viatu vya raba. Aliniambia nivue kilemba, nikunje mikono, kisha nikunje sketi. Alipofika kwenye sponji hakucheka. Aliibonyeza kwa kidole kama anayekagua godoro dukani, akasema, "Umeshona vizuri." Halafu akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza.

"Nani mwingine kwenu ana mikono hii?"

Nikamwambia, baba, babu. Akaacha kuandika. Akanieleza kwamba upo ugonjwa, watu wake ni wachache hata huko kwenye nchi kubwa, ambao kwao mafuta ya chini ya ngozi huyeyuka mikononi na miguuni msichana anapokua, na mengine hukimbilia shingoni. Akasema yeye na wenzake wanapiga picha watu wa namna hii kwa mashine ya sumaku, ile MRI, waone mafuta yaliyobaki yamekaa wapi, maana kwa macho tu hata daktari hudanganyika, hasa kwa wanaume.

"Unarithiwa?" nikauliza.

"Mara nyingi. Lakini kwanza nione kama ndio huo."

Kwa hiyo nilikuwa nataka jambo moja tu. Kama ni huo, soksi za binti yangu zina maana yake na inabidi nifanye kitu. Kama sio, basi mtoto ana haya tu, yatapita. Siku ya picha ikapangwa, iko mbele wiki kadhaa, na kuanzia hapo sikukaa tena. Nilishona mifuko ya mashati juu chini. Nilifagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Nikiketi, goti linacheza lenyewe chini ya cherehani mpaka uzi unakatika. Malori yakinguruma barabarani nilikuwa natoka kutazama, kana kwamba mojawapo limeleta majibu.

Kosa langu lilikuwa kumpigia simu shangazi.

Shangazi ni dada wa baba yangu, mjane, anaishi Ileje na mgomba wake na maoni yake. Nilimpigia kumwomba dua tu. Siku ya tatu akashuka Mpemba na mkungu wa ndizi, gunia la karanga, parachichi zisizo na idadi na galoni ya maziwa ya mgando. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa, akanywa maji, ndipo akaanza.

"Hao wa Mbeya wanataka kuona nini hasa?"

"Mafuta, shangazi."

"Ya nani?"

"Yangu."

Akanitazama kutoka kilemba mpaka kandambili, akarudi juu tena. "Watafanya kazi ngumu hao."

"Wanataka kuona yamekaa wapi tu."

"Na wakikuta hayapo? Watasema hapa hakuna ugonjwa, hapa kuna njaa. Watasema mume halishi. Atachafuliwa Msingida wa watu bure."

Mume wangu alikuwa mlangoni anavua viatu. "Shangazi, mlishe," akasema. "Jina langu liko hatarini."

Asiyejua kwetu ataona ni mzaha. Kwetu msichana akitarajiwa kuonwa na watu wa mchumba, shangazi yake huhamia kwake. Hula naye, hulala naye, humlisha mpaka wageni wakija wakute mtu, wasije wakasema ukoo ule hauli. Anayekwenda kuonwa haendi mtupu; anayeaibika si yeye, ni shangazi. Huyu huyu alinilisha kabla ya harusi yangu, na chakula chote kile kikapanda kidevuni. Wageni wa Singida walimpongeza kwa uso wangu. Miguu ilikuwa chini ya gauni, haikupigiwa kura.

Sasa akasikia natakiwa kuonwa tena, tena kwa mashine. Akahamia.

Asubuhi uji wa karanga. Saa nne ndizi za kupika kwa maziwa, na parachichi pembeni "la kusukumia". Mchana ugali, na maharage yanayoogelea kwenye mafuta ya mume wangu. "Nguruwe ndiye angetumaliza kazi hii mapema," alisema, akamtazama mume wangu, akameza mate. "Lakini nyumba ni ya watu, tutajitahidi na karanga."

"Daktari alisema nile kama kawaida," nikamwambia.

"Kawaida ya nani? Kawaida yako ndiyo iliyokufikisha hapo."

Mtu hakatai sahani ya shangazi. Hilo ndilo ningependa kusema, na lingetosha. Lakini na mimi nilikuwa na tamaa yangu. Nilikuwa nabonyeza paja kila asubuhi nikitumaini limelainika. Lililolainika lilikuwa tumbo. Kiu ikanishika, nikawa nakunywa maji na kukimbilia msalani kama mtu aliyewekwa doria, na joto lilipanda shingoni mpaka nikafungua vifungo mbele ya wateja. Shangazi alifurahi. "Linaingia," alisema. "Mwili ukipokea chakula huhangaika kwanza."

Binti yangu alikuwa akitazama haya yote bila kusema. Siku moja narudi kutoka dukani kununua vifungo, nikamkuta jikoni na shangazi, bibi yake, ana bakuli la uji wa karanga kubwa kuliko langu.

"Mama, miguu yako ikinenepa," akaniuliza, "yangu nayo itanenepa?"

"Itanenepa kwa nini isinenepe?" shangazi akamjibu kabla yangu. "Kunywa, mjukuu wangu. Umalize."

Akamaliza. Nilisimama pale na vifungo mkononi.

Safari ya Mbeya sitaisimulia. Mtu wa ndani akitoka, kila kona ni habari, nitawachosha. Niseme tu kwamba shangazi alinisindikiza na hotipoti mbili, kwa kuwa barua ya hospitali ilisema nifike na njaa, naye aliona hilo ni neno la wasiokuwa na wazazi. Nilimkatalia njia nzima. Hotipoti zikafika zimejaa, ananinunia.

Chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa na pazia, na upande wa pili kijana mpiga picha alikuwa akinisomea maswali.

"Mama, una chuma chochote mwilini? Vyuma vya mifupa, risasi, kitanzi?"

"Sina. Hata mafuta sina, ndiyo maana nimekuja."

"Vua nguo zote zenye zipu na pini, uvae gauni letu."

Nikaanza kuvua. Sketi. Taiti ya juu. Taiti yenye vigimbi. Taiti yenye mapaja. Kijana akasubiri, akakohoa. "Mama, tayari?" Bado. Nilikuwa najibandua kama kabichi, na nilipotoka na gauni la hospitali, miguu yangu ikiwa nje mchana kweupe mbele ya mwanamume asiye mume wangu, nilitamani foleni ya malori yote ya Mpemba ipite kati yetu. Yeye alitazama miguu kwa sekunde moja, kisha akatazama kitanda. "Panda taratibu," alisema.

Kitanda kikaniingiza kwenye shimo. Dari lilikuwa karibu na pua. Kazi ilikuwa moja, kutotikisika, na ndiyo kazi pekee ambayo sikuwa nimeifanya kwa wiki zote zile. Mashine ikaanza kugonga. Ilikuwa kama gereji ya kunyoosha bodi za malori, wanagonga wote kwa pamoja, halafu wanaacha, unadhani wamekwenda kula, halafu wanarudi na nyundo nyingine. Kwenye spika sauti ya kijana: "Vuta pumzi. Toa. Usipumue." Mimi sipumui, namfikiria mtoto na lile bakuli. "Pumua." Napumua. Kisigino kikaanza kuwasha. Nikakiambia kisubiri. Goti likataka kucheza. "Mama, umetikisika, tunarudia." Tukarudia. Nadhani wale watu wana picha nyingi za goti langu kuliko za kitu kingine chochote.

Tukaitwa kwa daktari mchana. Shangazi akaingia nami, hotipoti mkononi, hakuomba ruhusa. Daktari akageuza skrini tuione.

"Hapa tumeiambia mashine iondoe maji yote ya mwilini, ibakize mafuta peke yake," akasema. "Kila cheupe ni mafuta. Huyu ni mtu mwingine, mzima, jina tumelifuta. Tumemkata paja kwa picha, kama unavyokata chungwa."

Lilikuwa chungwa kweli. Duara kubwa jeusi, na kulizunguka, ganda nene jeupe. Ndani ya weusi, mfupa, nao una doa jeupe katikati.

"Sasa hili ni la kwako."

Nikaona weusi. Ganda halikuwepo. Paja langu lilikuwa jeusi mpaka mwisho, na katikati kabisa, padogo, kitufe cheupe kinang'aa.

"Kile ni nini?"

"Uboho. Mafuta yaliyomo ndani ya mfupa. Pajani umebaki na hayo tu."

Shangazi akasogea mpaka pua ikaribie kioo. "Kwa hiyo yapo," akasema.

Daktari akapandisha picha. Shingoni palikuwa peupe kama theluji ya kwenye kalenda. Nyuma ya mabega, peupe. Tumboni, kuzunguka utumbo, peupe. Nikasikia shangazi anapumua kwa kuridhika. Kisha daktari akasimamisha picha kwenye kitu kikubwa kilichokuwa cha kijivu kilichofifia, kama majivu yaliyomwagiwa maziwa.

"Hili ni ini. Lingepaswa kuwa jeusi."

Akavuta karatasi ya majibu ya damu.

"Mama, damu yako ya leo ilikuwa nyeupe kuliko ile ya mwaka jana. Umekuwa ukila nini?"

Mimi nilitazama chini. Shangazi ndiye aliyejibu, tena kwa fahari, akihesabu kwa vidole: uji wa karanga, ndizi za maziwa, parachichi, maharage. Alisahau hata kununa. Daktari akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, kisha akavuta kiti akakaa karibu naye, si karibu na mimi.

"Shikamoo, mama. Sikukuamkia vizuri."

"Marahaba."

"Mama, ngozi ndiyo stoo ya mafuta. Kila tunachokula na kubaki, mwili hukiweka pale. Mtoto wako huyu mikononi na miguuni hana stoo. Chakula kikiingia kingi hakina pa kukaa, kinamwagika kwenye damu, kinaingia ini, kinaunguza kongosho. Si kwamba hali. Hana pa kuweka."

Mume wangu angeielewa haraka hiyo: mzigo umefika, stoo hakuna, unashusha madumu sebuleni, chumbani, kitandani, mpaka mwenye nyumba anakosa pa kupita.

"Kwa hiyo ndizi zangu ziko wapi?" shangazi akauliza.

Daktari akaweka kidole kwenye lile la kijivu. "Hapa."

"Zote?"

"Nyingi."

Shangazi akainuka, akachukua hotipoti zake, akatoka. Nikamsikia anazunguka koridoni, viatu vyake vinakwenda na kurudi. Nilitaka kumfuata, lakini nilikuwa na swali langu.

"Kwa hiyo ndio huo?"

"Kwa picha hizi, na kwa ukoo wako ulivyonieleza, sina shaka nao. Damu tutaipeleka mbali ikathibitishe. Lakini utatibiwa kuanzia leo kama mtu mwenye ugonjwa huu, na hakuna atakayekuambia tena unaficha keki."

"Nina binti," nikasema. "Anavuta soksi."

Alikuwa hajajibu mlango ulipofunguka. Shangazi akarudi, mikono mitupu. Akaketi kwenye kiti, akashika pindo la kitenge chake, akalipandisha. Chini yake kulikuwa na taiti. Akaivua. Chini yake kulikuwa na nyingine, nene, ya sufu, mwezi wa joto. Akaivua na hiyo. Sikuwahi kuiona miguu ya shangazi yangu, tangu nizaliwe. Mishipa, misuli, vigimbi vya beki.

"Tazama na hii," akamwambia daktari. "Halafu uniambie mimi nani alinilisha."

Daktari akatazama. Aliuliza kama amewahi kupima sukari. Shangazi akasema sukari ni ya watu wa mjini. Wakampima pale pale, ikakutwa iko juu.

Tukiwa njiani kurudi, nilisubiri anitukane au alie. Tulipofika Vwawa akasema, akitazama dirishani, "Mimi nilidhani nakuondolea miguu hii."

"Najua, shangazi."

"Nilidhani ukinenepa wewe, basi kumbe ilikuwa inawezekana."

Nyumbani binti alikuwa amepika. Alikuwa ameweka karanga za kutosha kupakia lori, kwa sababu bibi alimwagiza. Nikaondoa sahani mbele yake kabla sijavua kilemba, na kwa haraka niliyokuwa nayo nadhani nilimnyang'anya. Akalia. Akasema mimi ndiye niliyekula nikamaliza, sasa namnyima, nataka abaki na miguu ya mwanamume peke yake. Ndivyo tulivyoanza mazungumzo ambayo nilikuwa nimeyapanga kwa upole njia nzima.

Nikamwonyesha filamu ya picha zangu niliyopewa hospitali, nimeiinua kwenye mwanga wa dirisha. Nikamwambia cheupe ni nini na cheusi ni nini. Akauliza, "Walikupiga sindano?"

"Ya kuchukua damu tu. Mashine haiumi. Inagonga."

"Nitakwenda," akasema. "Ila bibi naye aingie. Nisiwe peke yangu."

"Mimi niingie shimoni?" shangazi akasema. "Nimeshavuliwa taiti mbele ya watu, unataka nini tena?"

Tuliporudi Mbeya akaingia. Daktari alikuwa amefurahi kupata watu watatu wa ukoo mmoja, tuliona ingawa alijitahidi kulificha hilo. Shangazi alikwenda kwanza, akatoka akiulalamikia mto wa kichwa. Kisha akaingia binti, na mimi nikabaki koridoni. Ukuta ulikuwa unagonga. Nikatembea mpaka ngazini, nikarudi. Nikasoma tangazo la kunawa mikono. Nikarudi ngazini.

"Kaa chini," shangazi akasema. "Unanichosha macho."

"Siwezi."

"Mtoto huko ndani katulia kuliko wewe."

Ni kweli alikuwa ametulia. Kijana alituambia hawakurudia hata picha moja.

Daktari alituweka watatu mbele ya skrini, na safari hii picha zilikuwa sambamba. Paja la shangazi, jeusi, kitufe cheupe katikati. Langu, jeusi, kitufe. La tatu lilikuwa dogo. Nikatafuta ganda, na ganda lilikuwepo, jembamba kama mstari wa chaki, limezunguka, likafika upande wa nje likakatika, likaendelea mbele kidogo.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Shangazi akanishika mkono, ule mkono wa kuli, akaubana.

"Langu ndilo lile lenye mstari?" binti akauliza. Hakuniuliza mimi, alimwuliza daktari.

"Ndilo."

"Utaisha?"

"Unaweza kuisha. Unaonekana umeanza."

"Na ini langu?"

Daktari akaleta picha nyingine. Jeusi. Jeusi safi, hata mimi niliweza kuliona.

"Mstari ukiisha," binti akasema polepole, kama anayesoma swali la mtihani mara ya pili, "na hili litakuwa kama la mama?"

"Si lazima," daktari akasema. "Mama yako hakuambiwa na mtu. Wewe tunakuambia mapema, ini lingali jeusi."

Binti akatikisa kichwa kwamba amesikia. Akaanza kuuliza vyakula kimoja kimoja, chipsi, maandazi, parachichi, soda, na daktari akawa anajibu, na shangazi anaingilia kutetea parachichi. Nilitaka kukaa nisikilize. Miguu ilikataa. Nikatoka koridoni nikatembea mpaka ngazini na kurudi, na kila nikipita mlangoni nilisikia sauti ya mtoto bado anauliza.